Fuwele za Wifi

4 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe pamoja na huyo mdogo wangu uliyemteka. Picha mliyotuma nimeiona. Kitambi kinakua vizuri, hongera kwa mpishi.

Boksi lisikutishe, nusu yake ni magazeti ya zamani. Katikati utakuta kopo, na ndani ya kopo fuwele nne, kila moja kubwa kama punje ya mahindi, rangi ya waridi iliyofifia. Zimekaa tanuruni wiki nzima, na wiki nzima umeme ulikuwa na adabu zake. Sijawahi kupika mawe mazuri namna hii tangu nianze kazi hii ya kuunguza nyusi.

Sharti langu ni moja: usizifungue. Zinakunywa unyevu wa hewani mpaka zinageuka uji. Kwa hiyo nimezizungushia tepu nyeupe, ile ya mafundi bomba, nikabana mpaka vidole vikafa ganzi. Ziingize kwenye mashine yako hivyohivyo na nguo zake.

Ninachokitafuta unakijua, ila acha nikieleze tena. Ndani ya jiwe hili kuna sumaku ndogondogo zisizohesabika, na jiwe likiwa na joto kila moja inaangalia inakotaka, kama watu sokoni. Ukilipooza, hufika mahali zote zinageuka na kujipanga kwa mkupuo mmoja. Mawe mengi hufanya hivyo kwenye baridi ya kutisha isiyomfaa mtu. Mimi nataka linalojipanga kwenye joto la chumbani. Likipatikana, wenye viwanda watatengeneza friji isiyohitaji gesi. Mkurugenzi wetu ameshatamka: nikilileta jiwe hilo, kitengo kipya cha fuwele ni changu. Nisipolileta, tanuru langu linapewa wale wa vigae vya vyoo. Vigae vya vyoo, wifi! Miaka yote hii!

Basi mimi nimepika, wewe sikiliza. Ndani ya fuwele kuna atomi za florini; zigonge kwa mawimbi yako ya redio uone viini vyake vinaitikaje. Si bure nakuita Sikio.

Simu usinipigie. Simu inasema haraka na kusahau haraka. Andika, utie kwenye basi kama tulivyozoea.

Wifi yako,
Mpika Mawe


15 Februari

Shikamoo wifi,

Boksi limefika salama. Mdogo wako anasema kitambi ni heshima ya mke, kwa hiyo anangoja zawadi.

Sasa kaa chini kwanza. Umekaa? Fuwele yako inaongea!

Nilianzia nyuzi arobaini nikawa nashuka polepole. Florini ikaitika kwa sauti nyembamba, safi, hata sikuhitaji kutega sikio sana. Nikashuka, nikashuka. Kufika nyuzi kumi na tisa ile sauti ikaanza kutanuka na kufifia, yaani viini vimebadili mwenendo. Nikapandisha joto, ikarudi nyembamba. Nikashusha, ikatanuka tena, palepale kwenye kumi na tisa. Nimezipitisha fuwele zote nne, na zote zimesema neno moja. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu, nikamwambia ni furaha tu, akaondoka amekasirika.

Kitu kimoja kinanikera. Florini iliyozungukwa na sumaku huwa inasukumwa, sauti yake inahama kutoka mahali pake pa kawaida. Hii yako haijahama hata kidogo. Imekaa palepale inapokaa florini yoyote, utadhani haina majirani. Wewe waonaje?

Nimefikiria wiki ijayo nipime tepu peke yake, bila fuwele. Huwa tunafanya hivyo kwa kila mtu, ili tuwe na hakika kwamba anayeongea ni jiwe.

Ni mimi wifi yako mdogo,
Sikio


22 Februari

Marahaba, marahaba mara mia!

Barua yako nimeisomea stoo, katikati ya mitungi, nikalia mpaka fundi wa umeme akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia nimezaa. Akaangalia tumbo, akaangalia mvi zangu, akaenda zake.

Hilo la sauti kutohama lisikunyime raha. Majirani wa florini wamekaa pande mbili, huyu anavuta huku na yule kule, wanafutana. Nimeliandika hivyo kwenye makala yetu ya jarida, na linasomeka vizuri.

Na hilo la kupima tepu tupu, he! Wifi, unadhani nimekutumia maganda? Haya bwana. Tulishakujua tangu ile siku ya sukari. Mama bado anaisimulia: bibi harusi hana hata mwezi, wageni wamejaa sebuleni, yeye anatoa mizani anapima upya sukari aliyonunua mama mkwe, na kutangaza kwamba imepungua! Mpaka leo watoto wanakuigiza. Natania jamani, usije ukanuna.

Makala iko ndani ya boksi hili, chini ya magazeti. Ukurasa wa nne nimeongeza sentensi hii: "Tepu ilipimwa bila fuwele na haikuonyesha mwitiko wowote." Utakuwa umeshapima, wewe tena! Kama kuna la kurekebisha rekebisha, kama hakuna weka sahihi yako, na irudi kwa basi la keshokutwa. Mkurugenzi anapita mlangoni kwangu kila asubuhi akijifanya anatafuta choo.

Wifi yako anayeruka kama mtoto,
Mpika Mawe


24 Februari

Shikamoo wifi,

Makala nimeisoma mara mbili. Umeandika vizuri sana, mpaka mimi niliyepima nimejifunza. Kwenye mchoro wa pili nimerekebisha mstari wa joto, ulikuwa umegeuzwa juu chini. Mengine sikuyagusa.

Sahihi nimeweka.

Mdogo wako ana mafua, anagumia utadhani anajifungua. Mvua huku haikatiki. Niwie radhi kwa ufupi, basi linapiga honi.

Wifi yako,
Sikio


30 Machi

Wifi yangu, wifi yangu, wifi yangu,

Wameikubali! Jarida wameikubali makala bila kubadilisha hata nukta. Na si hilo tu. Mkutano mkuu wa wanafizikia mwaka huu unafanyika huku kwetu, wiki nzima kuanzia tarehe kumi na mbili Mei, na mimi ndiye mzungumzaji wa siku ya ufunguzi. Barua ya kupewa kitengo mkurugenzi anayo mezani, ameniambia ataisaini nikishashuka jukwaani.

Mama anakuja. Ameshashona gauni. Amemtangazia hadi muuza nyanya kwamba binti yake amegundua jiwe la friji, na muuza nyanya amemuuliza litauzwa bei gani. Mdogo wangu ndiye atakayemleta, kwa hiyo mpe ruhusa. Wewe najua mashine haikuachii.

Nakutumia fuwele nyingine tatu, kubwa kuliko zile. Zipime tupate mchoro mpya wa kuwatoa watu macho.

Wifi yako mwenye bahati,
Mpika Mawe


12 Aprili

Shikamoo wifi,

Hongera sana. Boksi nimelipata, ingawa lilitupwa vibaya na fuwele moja imepondeka.

Naomba nikuulize jambo, usinifikirie vibaya. Hayo mazungumzo ya mkutano hayawezi kusogezwa hadi mwakani? Mashine yangu haina hali nzuri siku hizi na ningependa tuzirudie fuwele zote kwa utulivu, kutoka mwanzo. Hakuna anayetukimbiza. Jiwe lipo, halitaondoka.

Tafadhali wifi, lifikirie.

Msalimie mama. Mwambie gauni asilivae kwanza, lisije likachakaa.

Sikio


18 Aprili

Wifi,

Barua yako nimeisoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Mwakani? Mwakani vigae vitakuwa vinachomwa ndani ya tanuru langu. Hilo unalijua vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Na hiyo mashine mgonjwa, nimempigia karani wenu wa mapokezi. Ndiyo, nimepiga simu. Amesema mashine ni nzima, wanafunzi wameitumia wiki nzima, na wewe ndiye uliyekuwa ukiwafungulia mlango.

Basi nimekaa nikatafuta sababu, nikaiona moja tu. Jina langu limetangulia kwenye makala na lako limefuata. Jukwaani napanda mimi. Imekuuma. Ungesema mapema tungepanga, mimi si mtu wa kugombania kiti. Lakini kunizungusha, kunidanganya kuhusu mashine, ili nishuke mwenyewe!

Siku ile ya sukari mama alisema huyu anapima vya wenzake ili aonekane yeye. Nilikutetea mbele ya ukoo mzima. Leo moyoni namwomba mama msamaha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilidhani wanasema ya watu wengine.

Nitapanda. Kwa mchoro mpya au wa zamani, nitapanda.

Mpika Mawe


9 Mei

Shikamoo wifi,

Barua hii nimeianza mara nyingi na kuichana. Mdogo wako ndiye anayeibeba, nimemwambia aikabidhi mkononi mwako kabla hujapanda jukwaani. Hajui kilichomo. Nimemwambia ni mambo ya wanawake, hakuuliza swali la pili. Isome ukiwa peke yako.

Fuwele yetu haifanyi lolote kwenye nyuzi kumi na tisa. Kinachobadilika pale ni tepu.

Ile iliyopondeka njiani, nilipoishika unga wote ulimwagika, likabaki ganda la tepu. Nikalitia kwenye mashine nirekebishe mitambo tu, sikuwa na nia nyingine. Likaitika. Sauti ileile, nyembamba na safi, mahali palepale. Nikashusha joto, na kwenye kumi na tisa likatanuka. Nikatoka na koti la kazini hadi duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua tepu mpya, nikaipima haina kitu ndani. Ileile. Wifi, tepu ile imejaa florini. Ni kitu kilekile kinachopakwa kwenye kikaango ili yai lisigande. Na kwamba inabadilika kwenye nyuzi kumi na tisa, hilo limo vitabuni tangu mimi na wewe hatujazaliwa. Tumegundua tepu ya bomba.

Kisha nikaifungua fuwele nzima ndani ya kisanduku kikavu nikaipima bila nguo. Florini yake ipo, lakini iko mbali kabisa na pale tulipokuwa tukisikiliza, imesukumwa na majirani zake kama inavyotakiwa, na sauti yake ni pana na hafifu. Nimeifuata toka nyuzi arobaini mpaka sifuri. Haikutikisika.

Hapo ningeweza kusema tumekosea wote, yaishe. Lakini tepu tupu sikuipima, wifi. Ile sentensi ya ukurasa wa nne niliiona. Niliisoma nikajua si kweli, kalamu iko mkononi, nikaenda kurekebisha mchoro wa pili. Nikaweka sahihi, nikakuandikia habari za mafua.

Utauliza kwa nini, nami naona aibu hata kujibu, maana sababu yenyewe ni ya kitoto. Tangu siku ya sukari nikija kwenu naitwa Mizani. Shangazi zako wakiniona wanaficha vikombe vya kupimia. Nacheka nao, lakini huwa nikirudi nyumbani nalia bafuni. Nikajiapia kwamba cha mkwe na cha wifi sitakipima tena maishani. Uliponiuliza kama nadhani umenitumia maganda, uso ulinichoma, nikajiona niko sebuleni tena wageni wote wananitazama. Nikaona heri ninyamaze. Nilikuonea haya. Ungekuwa mtu baki, ningekupima siku ya kwanza.

Na nilipogundua, badala ya kusema nikasingizia mashine. Mtu mzima, na shahada zangu ukutani, nimeisingizia mashine ugonjwa.

Kuhusu jina, laiti lingekuwa jina. Ningekupa langu ukalifanye tambara. Umenipiga kwa methali, nami nimeipokea, maana kweli kilikuwa nguoni.

Usipande, wifi. Au ukipanda, waambie tu fuwele zinapimwa upya. Nikimfikiria mama amekaa pale mbele na gauni lake, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Nisamehe ukiweza.

Sikio


12 Mei

Kwa mke wangu, Bi Mizani wa nyumba yangu,

Mambo yenu ya wanawake yamefika. Nimempa dada bahasha asubuhi, nyuma ya pazia la jukwaa. Aliisoma amesimama. Aliirudia kuisoma, akaikunja, akaisukumia ndani ya mkoba. Nikamuuliza kulikoni, akasema mkeo anakusalimu. Sasa na mimi si naishi nawe? Salamu gani hizo za kurasa tatu!

Basi akapanda. Mke wangu, ungemwona! Nilielewa neno moja tu, florini, lakini aliongea kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Makofi yalikuwa mengi. Kisha mzee mmoja mwembamba, miwani yake imepinda sikio la kushoto (ningemnyooshea bure, kazi yangu ni nini?), akanyanyuka akauliza kama ile tepu ilipimwa peke yake. Dada akanywa maji. Akasema, "Ilipimwa. Aliyeipima ni wifi yangu mwenyewe, na huyo kwenye kupima hana mchezo." Ukumbi mzima ukacheka! Nikamgeukia niliyekaa naye, nikamwambia huyo anayetajwa ni mke wangu. Fahari niliyoisikia usiniulize.

Mama hajambo. Anataka kubaki wiki nzima, ameupenda ukumbi kwa sababu una viyoyozi. Nami nitabaki naye.

Barua hii nampa dereva wa basi la jioni. Nakula vizuri, usihofu kuhusu kitambi.

Mumeo,
Fundi Miwani


14 Mei

Wifi,

Sikuipima. Ulikuwa unajua kwamba sikuipima, barua yangu iko ndani ya mkoba wako, na ukasema niliipima.

Nilipoisoma barua ya mume wangu nilikuwa kazini. Niliinuka nikafunga mlango kwa ufunguo, nisionekane. Uongo wangu ulikuwa wa kunyamaza, nami nilidhani hakuna unaouzidi kwa ubaya. Wako umenitaja mimi, mbele ya watu, na watu wakacheka kwa kunisifu. Mume wangu anajivuna kwa ajili yake. Nitamwambia nini akirudi?

Sina mdomo wa kukulaumu. Mlango huo niliufungua mimi.

Nimemwandikia mhariri wa jarida na barua imeondoka leo. Nimeeleza kwamba kipimo cha tepu hakikufanyika, kwamba mpimaji ni mimi, na kwamba makala iondolewe. Nimesaini jina langu peke yake. Lako sikuligusa. La kwako utaamua mwenyewe.

Sikio


17 Mei

Wifi yangu,

Ngoja nikueleze yote, na usiruke mstari.

Barua yako niliisoma nikaielewa mara ya kwanza. Mara ya pili nilikuwa natafuta neno moja tu la mashaka, labda umesema "huenda", labda umesema "nadhani". Hukusema. Mezani kwa mkurugenzi kulikuwa na karatasi yangu. Mama alikuwa ameshakaa. Niliwaza: nizungumze leo, nitarekebisha baadaye, kwa maandishi, kimyakimya. Kisha yule mzee akauliza. Wifi, sikupanga kukutaja. Mdomo ulienda wenyewe mahali ambapo hapana anayepatilia shaka, na mahali hapo ni wewe. Walipocheka nilijisikia nimekuvua nguo hadharani. Nikashuka, nikapewa mkono na karibu kila mtu, nikaenda chooni nikainawa.

Jumatano mkurugenzi alisaini. Nilikuwa na kitengo kwa siku moja.

Alhamisi barua yako ya tarehe kumi na nne ikafika, na saa hiyohiyo mhariri alikuwa amempigia mkurugenzi. Aliniita. Nilitegemea matusi. Badala yake alinimiminia chai, akaongea kwa upole kabisa. Alisema kosa la kipimo ni la mpimaji. Wewe ulipika fuwele, fuwele ni nzuri, hakuna anayezisema. Ulimwamini wifi yako, nani asiyemwamini wifi yake? Amekiri mwenyewe kwa maandishi. Mwache aanguke yeye, sisi tutasema tulidanganywa, na kitengo kinaendelea.

Nataka ujue kwamba chai niliinywa. Sikuinuka kwa hasira, sikugonga meza. Niliinywa yote nikamwambia naomba nifikirie. Na nilifikiria kweli. Nilikuwa naiona njia imenyooka, sentensi niliandika mimi lakini sahihi ni yako, na wewe mwenyewe umeshajifunga kamba. Nililala nikiwa nimeshakubali nusu.

Kilichonirudisha si wema, usinipe sifa hiyo. Ni mdogo wangu. Ijumaa asubuhi tunakunywa chai naye na mama, akamwambia mhudumu wa hoteli, mtu asiyemjua, "Dada yangu anapika, mke wangu anapima, kwetu hakuna anayeongopa." Ningemwangaliaje yule mtoto niliyembeba mgongoni? Ningekuja kwenu, nile chakula chako, nikutazame usoni, nikijua umeanguka kwa ajili ya sentensi niliyoiandika mimi ili mkurugenzi aache kupitapita mlangoni?

Na kuna jambo sikuwahi kukuambia. Nilipoandika ile sentensi nilijua hukupima. Hukuwa umeniandikia kwamba umepima, na wewe ukipima huwa unasema mpaka tarakimu ya mwisho. Nilikutania habari ya sukari makusudi, kwa sababu nilijua panauma. Nilikufunga mdomo kwa utani, nikaita mapenzi. Wewe ulinionea haya. Mimi niliitumia hiyo haya yako. Halafu nikakuandikia ile barua ya jina, na yule aliyegombania kiti ni mimi.

Basi jana, kikao cha mwisho, nilimwomba mwenyekiti dakika chache. Alidhani nataka kushukuru. Nilipanda bila karatasi. Nikawaambia: ile sauti niliyowaonyesha siku ya ufunguzi ni ya tepu ya mafundi bomba. Fuwele yangu haibadiliki kwenye joto la chumbani. Sentensi inayosema tepu ilipimwa niliiandika mimi, nikijua haijapimwa. Aliyegundua kosa ni wifi yangu, aliniandikia kabla sijapanda, nikapanda hivyohivyo, na nilipoulizwa nikamsingizia. Yule mzee wa miwani iliyopinda alikuwa amekaa safu ya tatu. Nilimtazama nikamwambia, wewe uliniuliza vizuri na mimi nikakujibu uongo, nakuomba radhi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Wifi, hakuna aliyecheka. Ningewashukuru kama wangecheka. Walitazama viatu vyao, wengine wakawa wanafunga mikoba taratibu wasipige kelele, wanavyofanya watu msibani. Mkurugenzi alikuwa ameshatoka. Tanuru linahamishwa Jumatatu.

Sikujua nishukeje. Nilikuwa nimesimama pale, mikono sijui niiweke wapi, ukumbi umenyamaza mpaka viyoyozi vinasikika. Ndipo mama akaanza kupiga makofi. Hajui tepu wala florini. Kwake ilikuwa binti yake amepanda tena, ameongea, amemaliza. Alipiga kwa nguvu, peke yake, amesimama nusu, anawageukia wa nyuma kuwaonyesha kwamba ni mimi. Mdogo wangu, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alimshika mkono ili amzuie. Mama akauondoa mkono wake akaendelea. Hakuna aliyemfuata, nami nikasimama palepale mpaka alipomaliza.

Wifi yako